Zimahiyo

Kituo cha Taaluma za Afrika cha chuo kikuu kilikuwa na vyumba kumi na vinane, lifti moja mbovu na neno moja. Vyumba walivijenga wafadhili, lifti waliiua wafadhili hao hao siku walipoingia humo kumi na wanne kwa mpigo, na neno lenyewe lilikuwa Zimahiyo.

Ungelikwepa wapi? Lilichongwa kwenye bamba la shaba mlangoni. Lilichapwa kwenye mikoba ya wageni, kwenye kalamu, kwenye vikombe vya chai, na juu ya jarida lililotoka mara mbili kwa mwaka na kusomwa na wale walioandika ndani yake, tena kila mmoja makala yake tu. Choo cha ghorofa ya pili kilikuwa na tangazo: Tuache mahali hapa safi kwa moyo wa Zimahiyo. Wafagizi walilicheka tangazo hilo mpaka wakachoka, wakaendelea kufagia.

Maana ya neno? Ukimuuliza Mkurugenzi, vuta kiti kwanza. Zimahiyo, alisema, ni dhana ya kale ya uzima usiogawanyika: mtu, jamaa zake, ardhi na waliotangulia, wote kitambaa kimoja kisichoonyesha mshono. Aliliandikia kitabu akiwa bado kijana, kitabu kikampa uprofesa, uprofesa ukampa Kituo, na Kituo kikampa gari na safari nane kwa mwaka za kwenda kueleza neno hilo kwa watu wenye baridi. Wafagizi walimwita Mzee Dhana, maana hakuweza hata kuomba chumvi bila kutia dhana ndani yake.

Chini kabisa ya jengo, jirani na stoo ya mifagio, ndipo alipokaa Bi Kanda. Jina lake la kwenye barua ya ajira lilishasahauliwa hata na mhasibu. Yeye ndiye aliyetunza kanda za kaseti, elfu mbili na ushei, zilizorekodiwa zamani na wanafunzi waliotumwa kuzungumza na watu wa kazi: wakunga, makuli, wapiga chapa, washona viatu, wapishi wa shule. Sauti za watu wazima wakieleza wanavyofanya wanachokifanya. Bi Kanda alizipenda zile sauti kama mtu anavyopenda majirani wazuri. Na ukitaka kujua Kituo kilikuwa na faida gani katika dunia hii, faida ilikuwa pale chini kwenye rafu zake, mengine yote yalikuwa mbwembwe. Kwa miaka kumi na saba walioteremka kusikiliza, kati ya hao wasomi wa ghorofani, walikuwa wawili. Mmoja wao alikuwa anatafuta choo.

Basi Kituo kikatimiza miaka thelathini, na Mkurugenzi akataka sherehe. Aliagiza kanda sitini teule ziingizwe kwenye kompyuta ndani ya wiki mbili, ya kwanza ikiwa kanda namba mia mbili na kumi na mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa kanda yenyewe. Ndani yake, miaka thelathini na miwili nyuma, mama mmoja mshonaji alikuwa amelitamka neno Zimahiyo kwa mara ya kwanza mbele ya taaluma. Sasa ingepigwa ukumbini, mbele ya wageni, na mama huyo, ambaye kumbe bado yu hai, angealikwa kuvishwa joho.

Bi Kanda alikuwa na desturi yake: hakuna kanda iliyotoka chumbani kwake kabla hajaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Lakini safari hii Mkurugenzi alimpigia simu mara nne kwa asubuhi moja, na haraka za watu wakubwa zinaambukiza. Akazituma zote sitini Alhamisi bila kuzisikiliza. Jumatatu akatulia, akavaa visikizio, akaanza na mia mbili na kumi na mbili ili aijazie kadi yake. Alikuwa bado hajamaliza chai yake kikombe kilipomponyoka.

Mwanzoni ilisikika cherehani. Kisha sauti ya mama wa makamo, kavu, yenye kujua inachosema. "Watu wanadhani siri ya kazi hii ni kushona. Siri ni kuunga. Nguo ikiungwa na mtu mwenye mkono, utaigeuza, utaiinua kwenye mwanga, kiungo hukioni. Utasema ni nguo nzima." Cherehani ikasimama. Mama akashusha sauti. "Zima hiyo." Kimya kidogo. "Zima hiyo kwanza, nikwambie kitu."

Kikasikika kitambaa kikiangukia juu ya mashine. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliye chumba cha pili, lakini neno kwa neno lilisikika. Mama alimweleza yule binti mwanafunzi kwamba mwanawe wa kwanza hakumzaa yeye. Alizaliwa na mdogo wake, aliyekufa siku ya tatu baada ya kujifungua, na mwanamume mwenyewe alishaingia mitini zamani. Yeye alimchukua mtoto akiwa na kitovu kibichi, na marehemu alimshika mkono akamwambia, dada, asije akajiona ameokotwa. Wanaojua ni mume wangu na mkunga, akasema mama. Mtoto hajui. Ana miaka tisa sasa, anajua hesabu kuliko mwalimu wake. Kisha akanyamaza, na Bi Kanda akadhani amemaliza. "Lakini ni wangu," mama akasema. "Unanisikia, binti? Ni wangu."

Bi Kanda alivua visikizio, akakaa akitazama chai inavyoenea mezani. Mambo mawili yalimjia kwa pamoja, na hakujua lipi limchekeshe na lipi limlize.

La kuchekesha alilithibitisha dakika hiyo hiyo. Alivuta jalada la maandishi yaliyopigwa kwa mashine ya chapa enzi hizo. Mpiga chapa alikuwa hodari, lakini mashine yake ilikuwa na ugonjwa: kile kitufe kirefu cha kuachanisha maneno kilikuwa kinakwama. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo. Palikuwa na Sogezakiti. Palikuwa na Mkasihuo. Palikuwa na Fungamlango, pale mama alipomwambia mtu afunge mlango. Na chini kabisa: utasema ni nguo nzima. Zimahiyo. Zimahiyokwanza. Baada ya hapo mpiga chapa aliandika kwenye mabano kwamba sauti haisikiki vizuri, akaenda zake nyumbani.

Hapo ndipo Mkurugenzi, kijana wa wakati huo mwenye njaa ya digrii, alipoukuta ukurasa. Hakwenda kwenye kanda. Aliona nguo nzima, akaona Zimahiyo, akaona mwanga. Sura ya nne ya kitabu chake iliitwa Zimahiyo-Kwanza: Uzima wa Asili. Hakuna aliyewahi kupata uprofesa kwa Sogezakiti, na hiyo ni bahati mbaya tu ya Sogezakiti.

La kuliza lilikuwa kwamba sauti ile sasa ilikuwa ghorofani, na yeye ndiye aliyeipeleka. Baada ya siku tisa ingepigwa kwenye spika nane. Na kwenye orodha ya waalikwa, aliyoiona kwa macho yake, mama mshonaji aliandikiwa viti viwili vya mbele: chake, na cha mwanawe wa kwanza, mwalimu wa hesabu wa sekondari.

Alipanda ngazi. Mkurugenzi alikuwa akijaribu kofia ya joho mbele ya dirisha, maana kioo kilionyesha kichwa tu na yeye alitaka kujiona mpaka mabegani.

"Profesa," Bi Kanda akasema, "ile mia mbili na kumi na mbili umewahi kuisikiliza?"

"Nimeisoma mara mia."

"Kuisikiliza."

"Ijumaa. Kwa mara ya kwanza." Akageuka, na macho yake yalikuwa na unyevu kweli. "Bi Kanda, nilitokwa na machozi. Baada ya neno kuna dakika tatu ambazo taaluma haijawahi kuzisikia. Nimeamua zipigwe zote."

"Profesa, yule mama anasema azime. Anamwambia binti azime mashine."

Mkurugenzi akatabasamu kwa huruma, tabasamu la kumtazama mtu wa stoo. "Hiyo ni tafsiri ya juu juu. Mtu wa kawaida akisikia zima anafikiria taa. Dhana ina matabaka."

"Yule mama naye ni mtu wa kawaida."

"Ndiyo maana hakujua alilolisema. Kazi ya Kituo ni kuwajulisha."

Bi Kanda akamsogelea. Akamweleza taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba, kwamba hizo dakika tatu ni siri ya nyumba, kwamba mtoto anayetajwa atakuwa amekaa kiti cha mbele akiwa amevaa tai. Mkurugenzi akainua kidole.

"Dada wawili, mtoto mmoja, kifo cha siku ya tatu. Wewe hapo huoni kisasili?"

"Naona marehemu."

"Isitoshe," akasema Mkurugenzi, na sasa huruma ilikuwa imeisha, "alitia dole gumba kwenye fomu. Sauti ile ni mali ya Kituo. Kazi yako ni kutunza kanda, si kuzitafsiri." Akarudi dirishani kwenye kofia yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa na pindo la dhahabu.

Bi Kanda hakwenda chini. Alikwenda ukumbini, alikokuwa Fundi Sauti, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa ametambaa chini ya jukwaa akiunga nyaya. Huyo alikuwa amefunga spika kwenye kila sherehe ya chuo kwa miaka ishirini, na hakuna profesa hata mmoja aliyejua ana watoto wangapi. Bi Kanda akachuchumaa, akamwomba, pasipo kumweleza kwa nini, aikate ile sauti siku ya sherehe katikati, iwe kama umeme umeleta shida.

"Ningekufanyia, Bi Kanda, lakini siwezi," Fundi akasema akiwa bado chini. "Nikikata kwa kichwa changu nimekwisha. Mimi kwenye sherehe nina sheria moja. Ninamtii aliyeshika kipaza sauti. Akisema ongeza, naongeza. Akisema punguza, napunguza. Awe mkuu wa chuo, awe mfagizi. Ndiyo imenifikisha hapa salama."

Kesho yake Bi Kanda akaenda kwa mama mshonaji. Aliikuta nyumba yenye vyumba vitatu nyuma ya maduka ya vifaa vya shule, na mama mwenyewe karibu na dirisha, anakata kola. Alikuwa na miaka sabini na minane na mkasi haukumtetemeka. Mkwewe, mke wa mwalimu, alileta chai akawaacha. Kwenye kabati la vyombo kadi ya mwaliko ilikuwa imesimamishwa mahali pa heshima, mbele ya sahani nzuri.

"Mwanangu ameifurahia hiyo kadi kuliko mimi," mama akasema. "Ameshaazima koti. Hebu niambie wewe wa huko, hicho kituo chenu kinafanya kazi gani?"

Bi Kanda akajikuta anatafuta maneno. Kwenye bamba la shaba yapo, lakini hapa yangekaa vibaya. "Kinachunguza Waafrika, mama."

"Kwani wamepotea?"

Hapo Bi Kanda akacheka, na baada ya kucheka ikawa vigumu zaidi kusema alichojia. Basi hakusema. Akatoa kinasa sauti kidogo mkobani, akamvika mama visikizio, akaminya. Mama akaanza kutabasamu kwa kusikia cherehani yake ya zamani, ile aliyoiuza. Kisha tabasamu likakatika. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya kola. Alipovua visikizio hakulia. Alikuwa na hasira, ile hasira kavu ya watu wasiopayuka.

"Nilimwambia azime."

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia mara mbili. Akatoa mtandio wake akaufunika juu ya mashine, hivi, nikajua kazima." Akaikunja kola, akaikunjua. "Na wao kwenye kadi yao wanasema mimi ni Mama wa Zimahiyo. Nilikuwa najiuliza, huyu Zimahiyo ni mtoto wangu yupi."

Bi Kanda akamweleza yote: mashine ya chapa iliyokwama, kitabu, kofia, spika nane. Akamweleza pia kwamba aliyeituma sauti ghorofani ni yeye mwenyewe, kwa kutosikiliza. Hilo lilimtoka kwa shida kuliko mengine. Mama alimtazama kidogo, akamsogezea kikombe cha chai, na hilo likapita.

"Usiende, mama. Sema unaumwa."

"Nisipokwenda wataipiga?"

"Wataipiga. Na mwalimu ataalikwa apokee kwa niaba yako."

"Basi nisipokwenda nimemtuma peke yake akayasikie." Akageukia dirisha. Nje watoto wa shule walikuwa wanabishana juu ya bei ya daftari. "Mimi sijakataa kumwambia. Kuna siku nilifika mpaka mlangoni kwake nikarudi. Siri yangu nitaimwaga mwenyewe, kwa mkono wangu, siku nitakayoona. Siyo nimwagiwe mtama wangu kwenye kuku wote wa chuo kikuu."

Akarudi kwenye kola. Akakata kipande kizima kabla ya kusema tena.

"Hiyo mashine siku hiyo ataishika nani?"

"Yupo fundi wa sauti."

"Msomi?"

"Hapana. Ni fundi tu. Nilimwomba akate, amekataa. Anasema yeye humtii aliyeshika kipaza sauti."

"Na mimi nitapewa kipaza sauti?"

"Utapewa. Profesa anataka kanda ikifika kwenye neno isimamishwe kidogo, ulitamke mwenyewe, watu wakusikie. Halafu anampa fundi ishara kanda iendelee."

Mama mshonaji akauinua mkasi, akaufuta kwa pindo la nguo yake. "Basi nitakuja," akasema. "Ninywee hiyo chai, inapoa."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Viti vya mbele walikaa wafadhili na maprofesa, kila mmoja na mkoba wa Zimahiyo magotini. Nyuma kabisa walisimama madereva, wapishi na wafagizi, walioruhusiwa kuingia kwa sababu makofi ya watu wa mbele huwa ni haba. Mama mshonaji alikaa na mwanawe. Mwalimu alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mpole, koti la kuazima likimbana kwapani, na kila baada ya muda alikuwa anamwinamia mama yake kumweleza nani ni nani. Bi Kanda alikaa pembeni.

Mkurugenzi alizungumza dakika hamsini. Sitakuchosha nazo, ziliwachosha waliokuwepo. Alisema dhana mara themanini na tatu. Dereva wake alihesabu. Alisema Kituo hiki ni sikio la bara zima. Alimvika mama joho, akamwita kisima, akamwita maktaba, akamwita chemchemi, kilemba cha ukoka juu ya kilemba cha ukoka, na mama akasimama ndani ya joho lile akikagua kazi ya aliyelishona, maana bega moja lilikuwa limepanda. Kisha Mkurugenzi akampa kipaza sauti, akampungia Fundi Sauti kule nyuma.

Cherehani ikaunguruma kwenye spika nane. Siri ni kuunga, ikasema sauti ya zamani. Mwalimu alipoisikia sauti ya mama yake ya miaka ile aliinua kichwa kama mtoto aliyeitwa. Utaigeuza, utaiinua kwenye mwanga, kiungo hukioni. Utasema ni nguo nzima.

Mkurugenzi akainua mkono. Fundi akaisimamisha kanda. Ukumbi mzima ukamtazama mama.

"Zima hiyo," akasema mama.

Watu wa mbele wakasimama, makofi yakalipuka. Mfadhili mmoja alijipangusa macho. Kule nyuma hakupiga makofi mtu. Madereva na wafagizi walitazamana, halafu wote wakamtazama Fundi Sauti. Mkurugenzi, uso umejaa nuru, akainua mkono tena kuashiria kanda iendelee.

Mama hakukirudisha kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili, akasubiri makofi yaishe, akamtazama Fundi moja kwa moja juu ya vichwa vya wasomi wote wale.

"Baba, zima hiyo. Izime kabisa. Na usiiwashe."

Fundi akavua miwani yake, akanyoosha mkono, akazima. Taa ndogo nyekundu kwenye spika zikafa moja baada ya nyingine. Mama akakiweka kipaza sauti mezani, akashuka zake jukwaani akaketi.

Mkurugenzi akapiga hatua mbele. "Fundi," akaita bila kipaza sauti, na sauti yake halisi ilikuwa nyembamba kuliko watu walivyodhani. "Fundi, endelea. Iwashe."

"Mwenye sauti kasema nizime, Profesa," Fundi akajibu kutoka nyuma, kwa adabu zote.

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Bi Kanda alimtazama Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba alimwona anasikiliza. Neno lilikuwa linamwingia. Lilipita kwenye bamba la shaba, likapita kwenye mikoba na vikombe na jarida, likapita sura ya nne, likamfika masikioni likiwa vipande viwili, zima, na hiyo, kama alivyolisikia kila mfagizi wa jengo lake tangu siku ya kwanza. Akisema tena iwashwe, amekiri mbele ya wafadhili kwamba mama ameagiza izimwe, na kama ameagiza izimwe, basi miaka thelathini na safari nane kwa mwaka zilijengwa juu ya kitufe kilichokwama. Asiposema, hakuna kanda. Jasho lilimtoka chini ya kofia ya dhahabu. Bi Kanda hakumwonea huruma hata tone.

"Mabibi na mabwana," Mkurugenzi akasema hatimaye. Akaufumba mdomo, akaufumbua. "Mmeshuhudia. Baada ya Zimahiyo huja kimya. Kimya hiki, wapendwa, ni dhana."

Wakampigia makofi mpaka vikombe vikatikisika. Mfadhili aliyejipangusa macho akaahidi papo hapo kongamano la mwaka ujao juu ya kimya.

Watu walipokuwa wanatoka, Mkurugenzi alimkamata Bi Kanda nyuma ya pazia. Hakumtazama usoni. "Ile ya kwenye kompyuta ifutwe. Yote. Nami nitaifuta yangu."

"Na kanda yenyewe, Profesa?"

"Mrudishie mwenyewe. Sema ni kwa heshima."

Mtu huyu, aliyekataa kuizima aibu ya mama wa watu, aliizima ya kwake kwa nusu dakika. Haidhuru. Bi Kanda alishuka ngazi mbili mbili, akaitoa mia mbili na kumi na mbili kwenye rafu, akaifunga kwa leso yake mwenyewe.

Aliwakuta wanatoka mlangoni, mama ameshalivua joho na kulikunja kwapani. Akamtilia kaseti mkobani. Mama akaugusa mkoba kwa nje mara moja, akamwitikia kwa kichwa. Mwalimu alikuwa anawaza kitu.

"Mama," akasema, "ule siyo msemo wa kale. Wewe ulikuwa unamwambia yule binti azime kaseti."

"Ndiyo."

"Ili umwambie nini?"

Bi Kanda akajitia kutazama lile bamba la shaba. Mama akamfunga mwanawe kifungo cha koti, kile cha juu kilichokuwa kimefunguka.

"Kwamba wewe ni wangu," akasema.

Mwalimu akacheka. "Sasa hilo nalo la kuzimiwa kaseti?"

"Huwajui watu hawa, mwanangu," mama akasema, akimshika mkono washuke ngazi. "Wangeliandikia kitabu."